Mgonjwa Mmoja, Milango Miwili

Ndugu zangu wa Kitale na Bungoma,

Tunao watu waliopatwa na mawili kwa pamoja: akili inasumbuka, na pombe au bangi imewashika. Mmoja alianza chang'aa ili anyamazishe sauti zinazomnyima usingizi. Mwingine, bangi ndiyo iliyozileta. Akipelekwa kutibiwa, daktari wa akili husema aache pombe kwanza, wa pombe husema akili itulie kwanza. Nauli ya kwenda hospitali ya rufaa Eldoret huisha kabla hajatibiwa popote. Na magonjwa haya yanapaswa kutibiwa sambamba, maana mmoja ukiachwa huurudisha wa pili.

Nawaomba tuache kumfungia mtu chumbani ati pombe imtoke. Aliyekunywa kila siku kwa miaka akikatizwa ghafla huweza kupata kifafa, kuweweseka, hata kufa. Apelekwe hospitali, na daktari aelezwe yote, bangi ikiwemo. Tukificha, anatibu nusu mtu. Aliyejaribu kujiua naye asifichwe kwa kuogopa polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilichomfanya mhalifu kinakiuka Katiba.

Kisha kuna Agosti za tohara, miaka inayogawanyika kwa mbili. Busaa iko chunguni, mirija imezunguka, na kijana anayemeza dawa za akili amekuja kumshangilia binamu yake. Wapo watakaomsukumia mrija kwa mzaha, wapo watakaomfukuza. Mpeni chai, akae palepale na wenzake. Asiyekunywa hajakosea mila, na wazee wakilisema hilo kwa sauti, vijana watasikia zaidi kuliko wakiambiwa na daktari.

Kaunti nazo zina deni. Sheria ya Afya ya Akili, iliyorekebishwa mwaka 2022, inazipa wajibu wa kutoa huduma hizi. Tukiitwa kutoa maoni ya bajeti huwa tunadai barabara (nami hudai, matope tunayajua). Safari hii tuulize pia: dawa za akili zipo mwaka mzima? Aliyelewa akiwa anaweweseka analazwa wapi? Nani atamfuatilia akirudi nyumbani Kiminini au Kimilili, na akiteleza tena atapokelewa?

Nambari ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, haitozwi. Ibandikeni kwa kinyozi na kwenye steji ya bodaboda. Na kwa mama muuza busaa pia. Yeye huwaona kila siku.