Mavazi ya mitumba na mtihani wa israfu

Sifa zote njema ni za Allah (SW), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na masahaba zake.

Kila Idi inapokaribia, mazungumzo huwa yale yale katika nyumba zetu nyingi. Baba amehesabu mshahara na kuona hautoshi nguo mpya za watoto wanne. Mama anaona haya kwenda Karume au Tandika, asije akakutana na jirani mbele ya meza ya mitumba. Mwishowe fedha hukopwa, na mara nyingine mkopo wenyewe ni wa riba, jambo ambalo Qur'ani imelitangazia vita (Al-Baqara: 279). Yote hayo ni ili mtoto avae gauni jipya asubuhi moja.

Haya hiyo ina historia yake. Mitumba ilipozagaa nchini baada ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, watu waliiita "kafa Ulaya", wakidhani ni nguo za maiti. Jina hilo halisikiki sana siku hizi, lakini dharau imebaki katika nyoyo za baadhi yetu. Ilhali Bibi Aisha (RA) ametusimulia kwamba Mtume (SAW) alikuwa akishona nguo zake na kutengeneza viatu vyake kwa mkono wake. Aliyekuwa bora wa viumbe hakuona unyonge katika nguo iliyotiwa kiraka, sembuse sisi?

Wengine husita kwa sababu ya tohara. Asili ya vitu ni utohara mpaka najisi ithibitike, na Imamu Bukhari amepokea kutoka kwa Mughira bin Shu'ba (RA) kwamba Mtume (SAW) aliswali safarini akiwa amevaa juba la Sham, nchi iliyokuwa wakati huo chini ya Warumi. Nguo ya mtumba ifuliwe vizuri, ianikwe juani, na aliyeivaa aswali bila wasiwasi. Nguo za ndani ni jambo jingine: hizo zimekwisha kupigwa marufuku na Shirika la Viwango Tanzania, na akili ya kawaida nayo inazikataa.

Vinavyotaka macho zaidi ni viatu na mikoba ya ngozi. Bitana ya baadhi ya viatu hutengenezwa kwa ngozi ya nguruwe, ambayo katika madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu, haitohariki hata ikidibaghiwa. Ichunguzwe kwenye mwanga: vitundu vya vinyweleo vyake hukaa vitatu vitatu. Fulana za watoto nazo zisomwe kabla ya kulipiwa, kwani tumeona mtoto akiingia madrasa na tangazo la pombe kifuani, na mzazi hana habari.

Kuitumia tena nguo iliyokwisha kushonwa ni kuihifadhi pia ardhi tuliyokabidhiwa. Wataalamu wanakadiria kwamba fulana moja ya pamba hugharimu takriban lita 2,700 za maji, tangu shambani hadi dukani. Umma uliofundishwa usifuje maji ya udhu haufai kulipuuza hilo.

Lakini mitumba yenyewe inaweza kuwa israfu, na hapa ndipo tunapowaomba akina mama na akina baba wasimame kidogo. Mtu huenda sokoni kutafuta shati moja, akarudi na sita kwa sababu "zilikuwa bei ya kutupa". Nne kati ya hizo hazimwenei, na fundi cherehani hazioni. Baada ya mwezi zinakuwa kitambaa cha deki au zinachomwa moto uani. Surat Al-Israa, aya ya 27, inawahesabu wafujaji kuwa ndugu wa mashetani, na hakuna mahali ilipowatenga walionunua kwa bei nafuu. Jijini Nairobi, mabaki ya nguo kutoka soko la Gikomba huishia katika mto unaopita kando yake.

Wapo wanaotukumbusha viwanda vyetu vya nguo, na wana haki. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kuachana na mitumba ifikapo 2019. Rwanda ndiyo iliyoshikilia, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya ushuru kwa nguo zake. Hayo ni ya serikali. Sisi tunasema tu kwamba mwenye uwezo wa kununua khanga au kitenge kilichotengenezwa hapa nchini akinunue, akivae mpaka kichakae.

Zimebaki nguo zinazotoka nyumbani kwetu kwenda kwa wengine. Aya ya 267 ya Surat Al-Baqara inatukataza kukusudia kutoa vibaya ambavyo sisi wenyewe tusingevipokea ila kwa kufumba macho. Hata hivyo, tumeona magunia yakifika katika vituo vya yatima yakiwa na suruali zisizo na zipu na kanzu zenye madoa ya mafuta. Kabla gunia halijafungwa, mama na akae na watoto wake, wa kike na wa kiume. Vifungo virudishwe, zipu ibadilishwe, nguo ifuliwe na kupigwa pasi, na iliyochakaa kabisa ikatwe iwe tambara la jikoni. Kazi hiyo huanza baada ya swala ya Adhuhuri na kumalizika kabla ya Alasiri.

Wabillahi tawfiq.