BOSI ANALIPUA JUA ZIMA, HALAFU WEWE HUFI!

Wadau, leo tuwaache mastaa wapumzike, tuongee gemu. Nazungumzia zile za hadithi, za kupigana kwa zamu, unamkuza stelingi wako wiki nzima mpaka mnafika kwa bosi wa mwisho. Na nasema wazi: pigo linalosifiwa kuliko yote kwenye gemu hizo ni kiki tupu.

Ni Supernova ya Sephiroth, bosi wa mwisho wa Final Fantasy VII. Kwa ambao hamjaiona: mchezo unasimama. Kitu kinatokea mbali huko angani, kinapasua Pluto, kinapitia Zohali na Mshtarii kikiharibu, kinaingia kwenye jua. Jua linavimba, linameza sayari moja baada ya nyingine mpaka linawafikia nyie. Karibu dakika 2, umeshika pedi na huna la kufanya. Vumbi likitulia, mko hai wote watatu!

Siyo bahati yako. Ndivyo lilivyotengenezwa. Linakata sehemu 15 kati ya 16 za damu uliyonayo wakati huo, kwa hiyo hata uwe na damu kidogo vipi, lenyewe haliwezi kukuua. Ukiwa nayo 9,999 unabaki na 600 na ushee, unakunywa dawa, maisha yanaendelea. Zamu chache mbele analipiga tena, na jua lile lile liko zima kama halijawahi kulipuka. Huyo ni kama yule msanii (jina kapuni) anayeingia kwenye shoo na msafara wa magari, halafu anafungulia CD na kutikisa midomo.

Najua mtasema linakuacha nyang'anyang'a, tena linaweza kukuchanganya akili, pigo linalofuata ndiyo linakumaliza. Sawa. Lakini bosi huyo huyo ana pigo lingine, Heartless Angel, linaisha chap chap na linawaacha wote na damu 1. Moja! Hilo ndilo linanitoa jasho, na hakuna anayelitungia sifa.

Kinachoniuma zaidi ni hela. Hapa Madibira wengi tunacheza kwenye mabanda, na gemu ya aina hii unalipia muda, siyo mechi kama mpira. Ukilipia nusu saa na jamaa akalipiga mara 3, dakika 6 zimeondoka ukiwa mtazamaji. Moja ya tano ya hela yako! Na umeme ukikatika kabla hujasevu, ndiyo basi. Eti toleo la kwanza la Japani, Januari 1997, lilikuwa na Supernova fupi. Walipoipeleka Marekani mwaka huo huo ndiyo wakairefusha. Matoleo ya miaka ya karibuni yamewekewa kitufe cha kukimbiza gemu mara 3, na mimi naona hapo wenyewe wamekubali.

Sasa mtazame Sans wa Undertale, gemu ya 2015. Mifupa mitupu, kaptula, kandambili, sura ya mtu aliyetoka kuamka. Gemu yenyewe inakuandikia kwamba ni adui rahisi kuliko wote, anapunguza damu 1 tu. Halafu anaanza kukupiga kabla hata hujapewa zamu, na ile 1 inaendelea kukutafuna kama sumu kila ukiguswa. Nimekufa kwa huyo mpaka rafiki yangu akadai kompyuta yake. Hajalipua hata koroboi.

Mara ya kwanza Supernova ni tamu, sikatai, banda zima lilinyamaza. Ya pili watu wanarudi kwenye simu zao. Mimi siku hizi likianza naweka pedi chini, natoka kununua karanga, nikirudi bado liko kwenye Mshtarii.