Homa Haina Jina Usoni



Hivi karibuni, baada ya mafundisho, niliwauliza vijana wanne wa parokia yetu wanaosomea udaktari na uuguzi hapa Bunia: dalili ya kwanza ya Ebola ni ipi? Watatu walijibu bila kusita: kutoka damu. Wa nne alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Mwalimu, ni homa.” Huyo ndiye ningependa anipokee siku nitakapougua.

Sisemi hayo kwa kuwaaibisha wenzake. Jibu lao ndilo linalosikika Bigo nzima. Lakini wagonjwa wengi hawatoki damu kabisa, na wanaotoka, kwa kawaida ugonjwa umekwisha kukomaa. Mwanzo wake ni homa ya ghafla, uchovu, maumivu ya kichwa, ya misuli na ya koo. Kutapika na kuharisha hufuata. Nani kati yetu hajapata homa ya namna hiyo akaiita malaria?

Nchi yetu imelilipia kosa hilo. Mwaka 1976, huko Yambuku, mwalimu wa shule ya misheni alidhaniwa ana malaria, akadungwa sindano ya klorokini. Sindano za hospitali zilitumiwa tena na tena, na ugonjwa ukaenea: waliugua watu 318, wakafa 280. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali ile, 11 walikufa. Mwaka 1995, huko Kikwit, mgonjwa alipasuliwa tumbo kwa kudhaniwa ana tifoidi, na waliomhudumia wakaambukizwa. Masista sita wa shirika la Maskini wa Bergamo walikufa katika mlipuko huo. Hawakupungukiwa na upendo. Walipungukiwa na habari.

Sisi habari tunazo. Mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 Kivu Kaskazini ulifika Ituri, hata Bunia, na hadi ulipokwisha tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umeua watu zaidi ya 2,200.

Kwa hiyo, ninyi mnaosomea tiba, msiipe homa jina kabla ya kuuliza: katika siku 21 zilizopita umetoka wapi? Umemuuguza nani? Umegusa maiti ya nani? Vaeni glavu kabla ya kujua, si baada ya kujua. Hata kipimo kikionyesha malaria, ulizeni. Mwili mmoja waweza kubeba magonjwa mawili.

Nanyi msiosomea tiba, maswali hayo hayana faida mkijibu uongo. Najua wengi huficha msiba walioshiriki kwa hofu ya kutengwa na majirani. Hofu hiyo naielewa, lakini siikubali. Anayeficha huweka hatarini muuguzi aliyemnyoshea mkono, naye mwenyewe hupoteza siku za thamani. Katika mlipuko huo, dawa mbili zilionekana kuokoa maisha, hasa ya waliofika mapema. Mojawapo ilitokana na kingamwili za mtu aliyepona Kikwit.

Msamaria Mwema alikaribia, akatazama, ndipo akafunga majeraha. Mwanafunzi atazame kwa makini, na mgonjwa aseme kweli. Tukishindwa moja kati ya hayo, upendo wetu wenyewe utabeba ugonjwa kutoka kitanda hadi kitanda.