Makorongo yawekewe ving'ora vya mafuriko

Mtalii yeyote asiruhusiwe kushuka kwenye korongo la Hell's Gate, Naivasha, au jingine lolote nchini Kenya, pasipo mfumo wa kutoa tahadhari ya mafuriko.

Aprili 2012, maji ya mafuriko yaliwaua vijana saba wa kanisa huko Hell's Gate. Septemba 2019 yakawaua watu wengine saba, akiwemo mwongozaji wao. Miaka saba kati ya mikasa hiyo ilitosha kabisa kuzuia vifo vya pili.

Mvua hunyesha mbali, nyanda za juu, huku anga ya korongoni ikiwa safi. Kisha maji hufurika ghafla kati ya kuta zilizobanana. Mwongozaji, hata awe hodari vipi, haioni mvua hiyo.

Watalii hulipa kiingilio. Hivyo, wasimamizi wa makorongo waweke vipimamvua, ving'ora na ngazi za kutorokea kabla ya masika.