Sikukuu ya kilomita 235

Jumatatu ya Pentekoste ni siku ya mapumziko nchini Uholanzi, lakini katika mji mdogo wa Bolsward, jimbo la Friesland, hakuna anayelala hadi jua lipande. Tangu alfajiri barabara hujaa baiskeli. Waendeshaji wapatao 15,000 huondoka kundi kwa kundi, kila mmoja na kadi yake mfukoni. Safari ni ya kilomita 235. Hupitia miji yote kumi na mmoja ya kihistoria ya jimbo hilo, ukiwemo Sloten wenye wakazi wasiofika elfu moja. Njiani kadi hupigwa mihuri, na msafiri hutakiwa awe amerudi Bolsward kabla ya saa sita usiku.

Hakuna mshindi. Anayefika alasiri na anayefika usiku miguu ikiwa imekufa ganzi hupewa medali ileile.

Msafara huu ni mtoto wa mbio za kuteleza juu ya barafu, Elfstedentocht, zilizofanyika mara ya kwanza mwaka 1909 kwenye mito na mifereji ya Friesland. Mbio hizo, zenye urefu wa karibu kilomita 200, huhitaji barafu yenye unene wa sentimita 15 hivi njia nzima. Majira ya baridi yamepungua makali, na mara ya mwisho kufanyika ilikuwa tarehe 4 Januari 1997. Wafrisia waliozaliwa baada ya hapo husimuliwa tu habari za barafu. Baiskeli hazingoji maji yagande. Huwajia kila Pentekoste, zikipita mbele ya milango yao, na vijiji hutoka kuzishangilia kwa muziki, maji na chakula.

Sikukuu ya namna hii ina jambo la kuufundisha ulimwengu, nalo ni kubwa kuliko michezo. Watu elfu kumi na tano, wengi wao wakiwa raia wa kawaida wasio wanamichezo, hawawezi kukaa barabarani kutwa nzima ikiwa barabara hizo huua. Furaha ya Bolsward imejengwa juu ya usalama, na usalama huo Waholanzi waliudai kwa machozi.

Katika miaka ya 1950 na 1960, mapato yalipopanda, Uholanzi iliyakumbatia magari. Mitaa ilipanuliwa na baiskeli zikasukumwa pembeni. Mwaka 1971 ajali za barabarani ziliua watu zaidi ya 3,000, zaidi ya 400 kati yao wakiwa watoto. Mwandishi wa habari Vic Langenhoff, aliyempoteza binti yake kwa ajali, aliandika makala yenye kichwa kilichochoma: acheni kuua watoto. Maneno hayo, Stop de Kindermoord, yakawa jina la vuguvugu. Wazazi na watoto waliingia mitaani, wakafunga njia na kuitaka serikali ichague kati ya mwendo kasi na uhai.

Kisha mafuta yakaadimika. Kuanzia tarehe 4 Novemba 1973 serikali ilipiga marufuku magari binafsi siku za Jumapili, na kwa majuma kadhaa familia zilitembea na kuendesha baiskeli kwenye barabara kuu. Nchi nzima ikaona kwa macho yake nafasi iliyokuwa imemezwa. Waendesha baiskeli waliunda chama chao cha kitaifa mwaka 1975, na njia zilizotengwa zikaanza kujengwa mji baada ya mji. Leo Uholanzi, yenye watu karibu milioni 18, hupoteza chini ya watu 800 kwa mwaka barabarani. Wakati wa vifo vile 3,000, Waholanzi walikuwa milioni 13 tu.

Wapo watakaosema Uholanzi ni tambarare na tena ni tajiri. Ilikuwa tambarare vilevile mwaka 1971. Na utajiri ndio ulioleta magari yaliyowagonga wale watoto. Kilichobadilika ni uamuzi kuhusu barabara ni ya nani.

Afrika Mashariki haianzii sifuri katika hili. Kigali imekuwa ikifunga baadhi ya barabara zake kwa magari tangu mwaka 2016, siku maalumu za Jumapili, ili wakazi wakimbie, watembee na waendeshe baiskeli. Dar es Salaam, Umoja wa Waendesha Baiskeli, UWABA, umeandaa misafara ya kudai njia salama. Lakini sikukuu zetu nyingi za taifa bado husherehekewa uwanjani: wachache hupita na wengi hukaa wakitazama, huku fundi, muuza maziwa na mwanafunzi wanaotegemea baiskeli wakibanwa ukingoni mwa lami mwaka mzima.

Siku moja inatosha kuanza, na Tanzania inayo siku inayofaa: Muungano, tarehe 26 Aprili. Kila halmashauri ya mji ichague mzunguko wa kilomita kumi unaounganisha shule, soko na hospitali, iufunge kwa magari kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne asubuhi, na iwaalike wananchi na baiskeli zao, mpya kwa kuukuu. Mbunge, diwani na mhandisi wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, waendeshe pamoja nao, wasikae jukwaani. Katika kila makutano ambayo mtoto wa darasa la tatu hawezi kuvuka salama siku ya kawaida, mhandisi asimame aandike kinachohitajika: kivuko, tuta au njia ya pembeni. Tarehe hiyo Bunge la bajeti huwa linaendelea Dodoma, na orodha hiyo itakuwa na muda wa kuwafikia wabunge kabla fedha za barabara hazijapitishwa.