Bibi Harusi, Ua Usubiri Mvua Iishe



Sisi wa Lukuledi, Masasi, pesa yetu ni korosho, na minada huanza Oktoba. Harusi zikifuata, kila nyumba inataka ua wa pevingi kabla wageni hawajafika. Lakini ikifika Desemba mvua nayo imeingia, na huku kwetu huendelea mpaka Aprili.

Maoni yetu ni haya: tusitandike vitofali juu ya tope. Udongo uliolowa haushindiliki. Ukiupiga huku, unainuka kule. Siku ya harusi ua utapendeza, baada ya miezi miwili vitofali vinazama na maji yanatuama mlangoni. Pesa imekwenda.

Mnaofanya kazi wenyewe, fumbateni udongo mkononi. Ukinata kama unga wa maandazi uliozidi maji, acheni. Ukishikamana, kisha ukakatika vipande viwili safi, shindilieni. Mvua ikiwakuta katikati ya kazi, chimbeni mtaro, funikeni kwa turubai, na tope likwanguliwe lote kabla ya kumwaga kokoto. Mteremko uwe sentimita 2 kwa kila mita, kutoka ukutani kwenda nje. Wala maji yasielekezwe kwa jirani. Haki yake tutaulizwa mbele ya Allah.

Wageni wanakuja kuwaombea dua, hawaji kuhesabu vitofali. Tandikeni mikeka chini ya turubai, nikaha ipite kwa kheri. Pesa ya ua iwekeni mpaka Juni, ardhi ikiwa kavu. Kungoja si umaskini, dada zangu.