Barua ya Wazi kwa Waziri wa Viwanda na Biashara: Mota za Bodaboda Zisukwe Hapa Nchini

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Viwanda na Biashara,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu kifaa ambacho katika mjadala wetu wa vyombo vya umeme hakipewi uzito unaostahili, nacho ni mota. Betri inazungumzwa kila mahali, na ni haki, kwa sababu ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya bei ya chombo. Vituo vya kuchajia navyo vimepata watetezi wake. Lakini kinachozungusha gurudumu ni mota, na hapo ndipo Tanzania inaweza kuingia kama mtengenezaji mapema kuliko kwenye betri, tena kwa mtaji mdogo zaidi, iwapo Wizara yako itaanza na mota za bodaboda na bajaji.

Ukiifungua mota ya umeme utakuta vitu vichache: mabati membamba ya chuma chenye silikoni, kila moja likiwa na unene wa nusu milimita au pungufu, yamepakwa utando wa kuzuia umeme na kubanwa pamoja, nyaya za shaba zenye vanishi, zimesukwa kwenye mifereji ya mabati hayo, shafti, beringi na, katika mota nyingi za kisasa, sumaku kwenye sehemu inayozunguka, yaani rota. Shaba na chuma cha namna hiyo ndivyo vinavyounda transfoma, na transfoma zinatengenezwa Arusha na kampuni ya Tanelec. Mitaani, mafundi wanasuka upya mota za pampu na mashine za kusaga zilizoungua: wanang'oa shaba mbovu, wanahesabu mizunguko ya kila koili, wanakata karatasi za kuhami, wanasuka, wanapaka vanishi na kukausha. Seli za betri zinadai vyumba vilivyokaushwa unyevu kwa mitambo na uwekezaji wa mamilioni ya dola kabla ya seli ya kwanza kutoka. Kwenye mota tunaanzia kwenye ujuzi tulio nao.

Ubunifu katika mota haujafungwa, na sababu ni sumaku. Sumaku za neodimiamu, mojawapo ya madini adimu, zilivumbuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na Masato Sagawa wa Japani na John Croat wa General Motors, kila mmoja kwa njia yake, na ndizo zilizowezesha mota kuwa ndogo na zenye nguvu. Leo takribani asilimia 90 ya sumaku hizo zinatengenezwa China. Aprili 2025 China iliweka masharti ya kusafirisha nje baadhi ya madini adimu na sumaku zake, na mwezi uliofuata kiwanda cha Ford cha Chicago kilisimama kwa wiki nzima. Kampuni nyingine zilikuwa zimekwisha kuanza kutafuta njia: magari ya Renault Zoe na BMW iX3 ya mwaka 2020 yanatumia rota yenye koili badala ya sumaku, na Machi 2023 Tesla ilitangaza kwamba mota yake ijayo haitatumia madini adimu. Ipo pia mota ambayo rota yake ni chuma chenye matundu yaliyokatwa kwa hesabu, ikisaidiwa na sumaku za feriti ambazo ni za bei nafuu. Wakubwa wa sekta wenyewe wamerudi kwenye meza za michoro, na anayeanza leo hajaachwa mbali kama alivyoachwa kwenye injini ya petroli.

Mota isiyo na sumaku za madini adimu ina udhaifu wake: kwa nguvu ileile, huwa kubwa na nzito kidogo. Kwenye gari la kifahari linalotafuta kasi, hilo ni tatizo. Kwenye bajaji, kilo chache za ziada hazina madhara makubwa, na bei nafuu ina maana zaidi. Isitoshe, mazingira yetu yana madai yake. Bodaboda hubeba mishikaki, hupanda milima ya Lushoto na Mbeya, hupita kwenye matope ya masika na vumbi la kiangazi. Inahitaji nguvu kubwa ya kuvuta kwa mwendo mdogo, uwezo wa kuvumilia joto, na umbo ambalo fundi wa mtaani anaweza kulifungua na kulisuka upya. Sisi ndio tunaoijua kazi hiyo vizuri, kwa hiyo inatupasa tuwe wabunifu wake.

Wapo watakaouliza kwa nini tusitengeneze sumaku zenyewe, ilhali tuna neodimiamu na praseodimiamu Ngualla, mkoani Songwe, ambako leseni kubwa ya uchimbaji ilitolewa Aprili 2023, na Serikali ina hisa za asilimia 16 katika mradi huo. Lengo hilo ni zuri, lakini safari yake ni ndefu. Madini haya yanafanana mno kikemia, na kuyatenganisha hudai hatua nyingi za kemikali, pamoja na uangalizi makini wa taka zake. Hata hivyo, tangu sakata la 2017 la makinikia, yaani mchanga wa madini uliosafirishwa nje, sheria yetu inasisitiza kuongeza thamani nchini. Nchi inayotengeneza mota itadai kiwanda cha sumaku ikiwa na mteja mkononi.

Wengine watasema mota za China ni rahisi kiasi kwamba hatutaweza kushindana. Pingamizi hili ni zito. Wahandisi wetu wa Kibaha walibuni lori la Nyumbu, lakini halikufikia uzalishaji wa wingi. Uhandisi usio na soko la uhakika haufiki mbali. Ndiyo maana naomba mnunuzi wa kwanza awe Serikali. Bei nayo ipimwe kwa maisha yote ya mota: inayotupwa ikiungua mara ya kwanza ni ghali kuliko inayosukwa upya mara tatu. Kuhusu umeme wa kuendesha mota hizo, Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 limeongeza nishati safi kwenye gridi, na mota hugeuza kuwa mwendo sehemu kubwa mno ya umeme inaopewa, wakati injini ya petroli hupoteza zaidi ya nusu ya nishati yake kama joto.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, Shirika la Viwango (TBS) liandae kiwango cha mota za bodaboda na bajaji kinachodai zisukike upya. Pili, Arusha, yenye shirika la ubunifu wa mitambo la TEMDO, Chuo cha Ufundi na Taasisi ya Nelson Mandela, ipatiwe maabara ya kupimia mota kwa mzigo na joto, iwe wazi pia kwa mafundi wa mitaani. Tatu, taasisi za umma zinaponunua pikipiki za umeme zitenge sehemu ya zabuni kwa mota zilizosukwa nchini, na sehemu hiyo ipande mwaka hadi mwaka. Hakuna hata moja kati ya haya linalosubiri teknolojia ambayo haijavumbuliwa; yote yanasubiri uamuzi wako.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwananchi.